Kidevu cha Jioni

Ng'ombe wa mahari ya dada yangu alianza kuota kidevu wakati mpunga wetu hapa kijijini Kasansa ulikuwa umeshaingia ghalani. Ng'ombe wa kawaida hana kidevu cha kuzungumziwa. Hiki kilining'inia chini ya taya kama mfuko wa maji, laini, na alipotembea kilitikisika. Mama alisema amefanana na askofu. Baba, ambaye ni Mkatoliki zaidi kuliko mama, hakucheka.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akafunua jicho la ng'ombe, akatuonyesha lilivyopauka ndani, akasema ni minyoo ya ini. Minyoo hiyo, alieleza, ni bapa kama jani dogo. Huanza maisha ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani mabichi kando ya maji, ikingoja mdomo. Tumpe dawa, na tusimchunge tena kwenye majaruba, vile vitalu vya mpunga vinavyotuama maji. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akarudi akasema kwamba majaruba yake yametulisha na kutusomesha sote na hakuna aliyewahi kuota kidevu. Kwa hiyo ugonjwa ulikuja na ng'ombe. Na kama ulikuja na ng'ombe, waliomtoa wambadilishe.

Wakwe zetu ni Wasukuma, wafugaji, wanakaa kule juu kwenye nchi kavu, si mbali kwa baiskeli. Ng'ombe wengine wa mahari walishagawanywa kwa wajomba na baba wadogo. Huyu mwekundu ndiye aliyekuwa fungu la baba, na alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Basi akapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo simu hushika mtandao, akampigia baba mkwe wa dada. Sisi chini tulisikia upande mmoja wa mazungumzo. Alisalimia kwa kirefu. Aliulizia malisho, akaulizia wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jembe la kuazima, akasema, "Mzazi mwenzangu, huyu ng'ombe naona nimrudishe."

Mama aliacha kupeta mchele.

Kwa wakwe zetu, na hata kwetu kama baba angefikiri kidogo, ng'ombe wa mahari hurudi kwa sababu moja tu. Yeye akirudi kwao, na mke anarudi kwao. Baba aliposhuka alisema wamelipokea vizuri, watakuja kesho.

Walikuja kweli, asubuhi, jua likiwa bado jekundu. Baba mkwe alitangulia na baiskeli yake, shemeji akafuata na yake, na kwenye keria ya shemeji alikaa dada, amepakata lile begi aliloondoka nalo siku ya harusi. Lilijaa mpaka zipu imegoma. Shemeji hakumtazama mtu. Dada alitusalimia, akaketi mkekani na begi pembeni, kama abiria anayengoja basi la Mpanda.

"Tumekuja wote," baba mkwe alisema. "Tumwone huyo ng'ombe."

Baba akawapeleka zizini. Ng'ombe hakuwa na kidevu.

Taya lilikuwa kavu, limenyooka, taya la ng'ombe asiye na neno na mtu. Baba alimpapasa, akainama akachungulia kwa chini. Alipoinuka alisema kidevu kilikuwepo jana jioni. Baba mkwe akaitikia kwa kichwa. Akauliza taratibu kama labda binti amekosewa huko kwake, maana mtu anaweza kumtaja ng'ombe huku moyoni anamtaja mwanawe. Baba akaapa ni ng'ombe. Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayetafuta sababu.

Ikabidi kidevu kingojwe. Baba alimfunga ng'ombe uani ili kila mtu aone kitakapotokea. Ng'ombe akasimama kichwa juu, akiwatazama wageni, na mpaka mchana hakikutokea kitu. Mama ndiye aliyekumbuka maneno ya bwana mifugo: yale ni maji, hushuka mnyama anapoinamisha kichwa kula kutwa nzima, na usiku akilala kichwa juu hutawanyika. Akasema afunguliwe, ainame.

Kwa hiyo familia mbili zikakaa juu ya tuta la jaruba, sahani za wali mapajani, zikimtazama ng'ombe akila. Dada alikuja na begi lake. Shemeji akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana kiu.

"Kamuulize ng'ombe," dada alisema.

Jioni, mwanga ulipolala juu ya mashina ya mpunga uliovunwa na vidimbwi vikageuka rangi ya asali, kidevu kilirudi. Kilianza kama kivuli, kikajaa. Baba aliinuka na sahani mkononi. Sijawahi kumwona mtu akifurahia ugonjwa vile.

Baba mkwe alikibonyeza kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki. Kisha akaokota konokono kwenye tope karibu na mguu wake, akamweka kwenye kiganja cha baba. Baba akamgeuza kwa kidole.

"Anaumwa kweli," baba mkwe alisema. "Dawa tutampa. Lakini hapa ataugua tena."

Nchi kavu ilikuwa kwa baba mkwe. Na ng'ombe akienda kwake, amerudi. Wazee wawili wakasimama pale tutani, kila mmoja akitazama upande wake.

"Nyie," dada alisema. "Mimi leo nimekuja kufanya nini?"

Wazee wote wawili wakageuka.

"Nimekuja kusalimia. Basi na yeye aende akasalimie."

Baba mkwe akafikiri, akasema mtu aliyekwenda kusalimia hahesabiwi kuwa amerudi. Baba akakubali, akaongeza kwamba hata mgeni akiugua hupewa dawa. Shemeji alichukua begi, akalipeleka ndani mwenyewe.

Asubuhi ng'ombe aliondoka akiwa hana kidevu. Dada alikaa siku chache, akala mchele mpya, kisha shemeji akaja kumchukua. Ng'ombe bado yuko kwenye kusalimia. Baba hupanda kichuguuni kuulizia hali ya mgeni wetu, lakini hapigi simu asubuhi. Asubuhi, anasema, kila ng'ombe ni mzima.