Kibarua wa Mama

Mdogo wangu wa kiume alipoanza kuumwa akili, ugonjwa ulimwambia jambo moja: kwamba hapa si kwao. Alidai aliokotwa, na kwamba mama anampikia tu ili asiondoke kabla kahawa haijavunwa. Usicheke, mimi nimeishi na maneno hayo miaka. Kila asubuhi nilimpa vidonge nikimwambia, "Hapa ni kwenu. Yule ni mama yako, mimi ni dada yako." Wengine nyumbani walichoka mapema wakaniachia. Mimi nilichoka pia, ila hakuna aliyeniuliza.

Vidonge vilimtuliza polepole. Akaanza kuoga bila kusukumwa, kisha akachukua kazi ya vichanja, zile meza za wavu tunazoanikia kahawa. Anageuza, anatoa punje mbovu, na wingu likitanda juu ya kijiji chetu cha Isansa anafunika kabla hujamwambia. Majirani waliokuwa wakimkwepa wakaanza kumsalimia. Msimu huu aliniambia mwenyewe kwamba yale ya kuokotwa yalikuwa ugonjwa tu. Niliingia jikoni nikalia kwa furaha.

Ndipo kitindamimba wetu, msichana, akachumbiwa na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwetu posa haipiti kabla upande wa mume haujauliza kama kuna ugonjwa wa akili katika ukoo. Mama aliwajibu kwamba haupo. Mimi sikuulizwa kitu, nikaambiwa nichemshe chai.

Siku mama wa mchumba alipokuja kutuona, alizunguka uani hadi kwenye vichanja. Mdogo wangu aliacha kazi akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mgeni akamgeukia mama. "Na huyu ni nani wenu?"

"Kibarua tu," mama akasema, bila hata kusita. "Anatusaidia msimu huu."

Nikaweka sinia la chai chini. "Ni kaka yetu," nikasema.

Mama akacheka, akamshika mgeni mkono. "Unawasikia wanangu? Kibarua akikaa sana wanamwita kaka." Mgeni akasifu malezi yetu mazuri. Nilimchukia mama wakati ule, na sioni haya kusema.

Mgeni alipoondoka nilimfuata mama chumbani. Akaniambia nisimharibie binti yake bahati. Binti yake! Na yule kule nje ni mtoto wa nani? Mama akaendelea kukunja kanga.

Asubuhi nilimpelekea mdogo wangu vidonge na maji. Nilimkuta anageuza kahawa kama kawaida. Hakuwa na hasira, hakupiga kelele, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Akapokea vidonge na kikombe cha maji, akavitazama, kisha akanirudishia vyote.

"Dada," akasema, "siku zote uliniambia ni ugonjwa ndio unaosema. Jana ulisikia mwenyewe ni nani aliyesema."