Nyundo ya Tano

Ndama wa kwanza niliyepewa kuchunga alikuwa kiziwi. Baba akamfunga kengele, eti ajisikie mwenyewe! Tulicheka mpaka mama akatufukuza. Kengele ile ilifuliwa na babake Wafula, na huyo Wafula ndiye ninayetaka kukueleza. Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, na pombe sikuwa nimeonja.

Ilikuwa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni. Mimi na Wafula tulifua vyuma kwenye shamba la mzungu karibu na Gilgil. Memsahibu alipiga piano yake nyumbani, sisi tukapiga nyundo zetu. Sasa, kwa wahunzi wa kwetu, mgeni akikuta chuma motoni huvukuta kwanza, yaani huupulizia moto upepo, ndipo asalimiane. Asiyevukuta hajibiwi. Anaweza kuwa si mtu.

Alasiri moja, tukiwa na jembe motoni, akaja mzee mwenye koti refu. Mvukuto hakuugusa.

"Hamjambo, mafundi?"

Nikamkonyeza Wafula anyamaze. Wapi! Mdomo wake huo.

"Hatujambo, mzee. Umepitaje, na askari wamejaa barabarani?"

"Nilipita tu. Hiyo piano mnaisikia? Zamani sana Myunani mmoja alipita penye wahunzi, akasikia nyundo nne zikiimbiana. Akazipima uzito, na muziki wa huyo mama ukaanzia hapo."

"Wayunani ni wa upande wa Keringet?" Wafula akacheka.

"Nyundo zilikuwa tano," mzee akasema. "Ya tano haikupatana na zingine, ikatupwa. Hiyo ilikuwa yangu. Natafuta wa kuimba naye. Hebu piga."

Wafula akapiga. Naapa, nyundo nyingine ikamjibu, na mikono ya mzee ilikuwa mfukoni! Piano ikanyamaza. Chuma kikapoa, kikawa cheusi, Wafula bado anapiga, machozi yanamtoka.

"Nishike, ndugu yangu. Siwezi kuacha."

Nikamkumbatia kiunoni. Nikamtajia mkewe, nikamtajia watoto. Ungefanya nini zaidi?

Mkewe aliniuliza mpaka akazeeka. Hata leo nikisikia nyundo mbili zikipokezana, navuka barabara. Nawe nisikie: mwenzako akitaka kumjibu mtu wa namna hiyo, usikonyeze. Mzibe mdomo kwa mkono.

Maana mzee alipogeuka kwenda zake, Wafula aliweka nyundo chini polepole, akafuta jasho.

"Hilo jembe utalimalizia," akaniambia.

Akamfuata kwenye vumbi la barabara. Hakurudi.