Kopa Moja Tu

Jumamosi kilabuni Macalder nilisimama nyuma ya karani wa mgodi akicheza briji na mkewe, kombe likiwa mezani. Kabla ya kucheza, wenza hutangaziana karata zao, kila tamko likipanda. Karani alikuwa na kopa sita na maua matano, karibu zote kubwa. Mimi ningeropoka, "Kopa nne!" nimfunge mwenzangu mdomo. Yeye alikohoa taratibu: "Kopa moja."

Mkewe akajibu, "Maua mawili." Kumbe naye alikuwa nayo! Wakapanda hadi maua sita, wakashinda.

"Erokamano, baba watoto," mkewe alimshukuru. "Umeniachia nafasi ya kusema."

Namshukuru karani huyo. Nyumbani, kabla ya kutangaza ng'ombe niliyeamua kumnunua, nilimuuliza mke wangu ameshindaje mchana kutwa. Aliweka sufuria chini, akanitazama: "Unaumwa?"