Kibanda Nyuma ya Mashine ya Mpunga

Watu wazima wa mtaa wetu hapa Mbugani huizungumzia balehe kama wanavyoizungumzia malaria: inaingia, inapandisha joto, na dawa yake lazima iwe chungu. Mimi niliishia darasa la saba. Ninachokijua kuhusu umri huo nimekipata kwa kusoma vitabu vilivyokwishatumika, nikivinunua sokoni kimoja kimoja na kukimaliza kabla ya kununua kingine. Sidai kwamba vimenifanya kuwa baba bora. Vimenipunguzia tu uvumilivu wa upuuzi ninaousikia vikaoni.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na mitano alipoacha kuzungumza nasi. Hakugombana na mtu. Alijibu "ndiyo", "hapana" na "sijui", akala, akaondoka. Jioni alikwenda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ambako yeye na wenzake walikuwa wamejenga kibanda cha mianzi, wakakikandika udongo na kukiezeka kwa majani ya migomba na kipande cha turubai. Nilikuwa nakipita nikitoka kwenye shamba langu la kakao, na mara nyingi niliwasikia wakicheka. Yule aliyekuwa bubu nyumbani, kule ndiye aliyekuwa msemaji. Vitabu vyangu vinalieleza jambo hilo kwa maneno marefu, lakini lenyewe ni fupi: mtoto anayekua anahitaji mahali ambapo yeye si mtoto wa mtu.

Babu yangu angelielewa bila kitabu. Enzi zake wavulana wa Kinyakyusa walihama nyumba za baba zao wakiwa bado hawajaota ndevu, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko, na kuzunguka kwa mama wa kila mmoja kula pamoja. Ilikuwa aibu kijana mkubwa kulala mahali anaposikia mazungumzo ya usiku ya wazazi wake. Ule ukaaji wa kuchekana, kubishana na kufundishana adabu kwa kuaibishana uliitwa ukwangala, na mtu asiyeujua alihesabiwa kuwa hajakamilika. Wajukuu wa watu hao hao ndio walioitisha kikao cha kujadili "uhuni wa vibandani".

Kikao kilifanyika mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Mwanawe naye alikuwa mmoja wa wajenzi. Mwenyekiti wa mtaa akasimama.

"Ndugu wazazi, kule wanavuta bangi."

"Umeiona?" nikauliza.

"Tata," akaniita, yaani baba kwa Kinyakyusa, "bangi haionekani. Inanuka."

"Umeinusa?"

"Wewe mwenzetu kwa maswali! Ndiyo hayo mavitabu yako."

Watu wakacheka. Mwenye duka akadakia kwa Kiswahili chake kizuri: "Mimi wangu nimemuuliza, mwanangu, huko mwafanya nini? Akaniambia, tunakaa. Tunakaa! Mtu na akili zake hukaa tu?"

Aliyasema hayo akiwa kwenye benchi ambalo yeye na wenzake hulikalia kila siku wakicheza drafti, tangu swala ya alasiri hadi giza linapoingia. Hakuna aliyetabasamu isipokuwa mimi.

Nikaomba nafasi. Nikasema kibanda kile kiko mahali tunapokiona. Tukikibomoa, vijana hawataacha kukutana, watahamia tusikoona. Na mahali pa karibu ni stendi, kwenye duka la kubeti, ambako wanaume wazima huwatuma watoto sigara na kuwaonjesha pombe. Nilisema wazi kwamba hicho ndicho ninachokiogopa kwa mwanangu: kwamba watu wa stendi ndio watakaomlea. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu. Katika vikao vyetu, kushukuriwa kwa mchango ndiyo namna ya kuambiwa ukae chini.

Tukaenda, saa ile ile, kundi zima. Wavulana walikuwamo ndani. Tulikuta sakafu iliyofagiliwa, kioo kilichopasuka, chanuo, na vyuma vya mazoezi walivyovitengeneza kwa kujaza saruji kwenye makopo ya rangi. Kwenye mafiga, chungu cha udongo kutoka Ikombe kilikuwa kinachemsha ndizi na samaki aina ya mbasa. Mwenyekiti aliinusa hewa kwa muda mrefu. Hewa ilinukia mbasa.

Mama mmoja akapiga kelele: "Gwe! Chungu changu hicho! Nimegombana na jirani masika nzima kwa ajili ya chungu hicho!"

"Mama, nilikuwa nakirudisha," mwanawe akasema.

"Lini? Ukishaoa?"

Hata wavulana wakacheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani tumeokoka. Hawa walikuwa vijana ambao nyumbani hawajui hata mwiko unakaa wapi, na hapa walikuwa wamemenya ndizi, wamepara samaki, wamegawana zamu. Mzazi mwenye macho angeshukuru. Lakini mwenyekiti alikuwa ameahidi bangi, na mtu aliyeahidi bangi hawezi kurudi na ndizi.

"Leo ndizi, kesho je?" akasema, akaung'oa mwanzi wa kwanza.

Wazazi wakamsaidia kwa bidii ambayo sijawahi kuiona tunapoitwa kuzibua mitaro kabla ya mafuriko. Mwanangu alinitazama mara moja. Nilisimama mikono mitupu. Sikubomoa wala sikuzuia, na nadhani hakujua nimekuja upande wa nani. Akatoka akaenda zake.

Siku chache baadaye mke wangu alimkuta stendi, mlangoni mwa duka la kubeti, ameshika chupa ya bia.

"Si yangu, mama. Kuna kaka ameniambia nimshikie."

Nilimwita nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa, na nilidhani nina jambo la busara.

"Mianzi nitatoa mimi," nikamwambia. "Jengeni hapa uani. Nafasi ipo."

Alinitazama kama mtu aliyepewa nguo ya mdogo wake.

"Hapa, baba?"

"Hapa. Kuna ubaya gani?"

"Hapa si kwetu, baba. Hapa ni kwako. Mama atakuja kuuliza kama tumeshiba. Wenzangu watanicheka mpaka nihame mji."

Vitabu vyote vile, na bado nilitaka kuwajengea mahali pa kunikimbia chini ya dirisha langu. Dharau niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kikao ilibidi niigawe, nami nikapata fungu langu.

"Shambani je?" nikasema. "Upande wa chini, kule kwenye migomba."

Akauliza, "Utakuwa unakuja?"

"Kakao nitaihudumia asubuhi. Jioni sitakuwa na kazi huko."

"Na mwenyekiti?"

"Mwenyekiti huyajua mashamba ya watu wakati wa mavuno tu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile nilichokuwa nakisikia nikipita nyuma ya mashine, sasa kikiwa uani kwangu.

"Ndaga, tata," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

"Na moto msiwashe chini ya kakao."

"Baba, tunajua."

Stendi haonekani tena. Nyumbani bado hujibu kwa neno moja moja, ila siku hizi maneno hayo yana sauti ya mtu. Shambani nafika asubuhi, nafanya kazi upande wa juu, na narudi kabla wanafunzi hawajatoka shule. Sijui kibanda chao kina ukubwa gani.

Majuzi, jioni, nilikutana na mwenyekiti kwenye barabara ya Itungi, kila mmoja akikokota baiskeli yake kurudi mjini. Alikuwa na furaha.

"Umeona, tata? Vijana wametulia. Ukibomoa kiota, ndege anarudi nyumbani. Hilo halimo kwenye vitabu vyako."

"Wametulia," nikamjibu.

Tulipofika kwenye njia ya mkato, ile inayopita kando ya shamba langu, akageuza usukani. Nikamwambia kule kuna matope, tuzunguke. Tukazunguka, nami nikamsikiliza akinifundisha malezi mpaka tukafika mjini.