Mbuzi Aliyekula Kahawa ya Bibi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali nilipangiwa shule ya kijijini, Kimuli. Nilikulia Bukoba mjini. Wazazi walinisemesha Kihaya, mimi nikajibu kwa Kiswahili. Kinyambo, lugha ya nyumbani ya watoto wa huko, nilikiokoteza nusunusu. Nilibandika herufi ukutani, nikaimba a, e, i, o, u, nao wakanitazama kimya. Binti mmoja mwenye sweta ya kijani hakufungua mdomo muhula mzima.

Jioni moja nikaenda kwao. Nilimkuta kwenye kibanja, katikati ya migomba, ameketi karibu na bibi yake aliyekuwa akimenya ndizi. Bibi alikuwa akisimulia hadithi, na yule mtoto wangu bubu alikuwa akimdakia maneno, anacheka, anamsahihisha!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kukuomba uje uwasimulie wenzake."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mimi? Sijakaa darasani hata siku moja. Na Kiswahili changu kinachechemea."

"Simulia kwa Kinyambo, bibi. Mimi nitasikiliza na watoto."

Alikuja Ijumaa, amevaa kitenge cha kanisani. Hadithi yake ilikuwa ya mbuzi aliyekula kahawa iliyoanikwa mkekani, akacheza kutwa nzima, mpaka akapanda juu ya paa la nyumba. Watoto walipiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia humo ndani. Nami nikawatungia kiitikio papo hapo:

Mbuzi, mbuzi, shuka chini,
kahawa ya bibi ina nini?

Wakaimba mpaka wakapata vikohozi. Ndipo nikaandika ubaoni: mbuzi. Binti wa sweta ya kijani akaja mbele bila kuitwa, akaweka kidole kwenye neno.

"Embuzi," akanong'ona, kama wanavyosema nyumbani.

Nikaongeza e mwanzoni. "Hii ndiyo embuzi. Nikiifuta hii e?"

Akafikiri. "Mbuzi!"

Nikairudisha, nikaifuta tena, naye akasoma kila mara, sauti ikipanda. Bibi yake alisimama, akasogea ubaoni, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo hii e ndiyo inayotutofautisha na nyinyi?"

Alikuja kila Ijumaa hadi msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza. Mwisho wa mwaka wengi walikuwa wanasoma maneno mafupi, na karibu yote yalikuwa majina ya wanyama wa hadithi za bibi.

Sasa nafundisha shule ya Nyabiyonza. Tuna vitabu vyenye picha za rangi, navyo navipenda, lakini Ijumaa zile nazikumbuka sana. Likizo iliyopita nilipita kumsalimu bibi. Magoti yake yamechoka, haendi mbali. Mjukuu wake, yule binti wa sweta ya kijani, ambaye sasa yuko darasa la nne, alikuwa akimsomea kitabu cha hadithi alichoazima shuleni. Nilisimama mlangoni kitambo bila kubisha hodi, nikimsikia bibi akimkatiza kila baada ya mstari:

"Halafu? Halafu ikawaje?"