Trafiki wa Dawati la Jinsia

Kwa miaka sita Koplo Coleta alisimama barabarani nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, na hakuna dereva wa lori aliyempita bila kutokwa jasho, hata zile asubuhi za Juni ambapo baridi ya Ufipa inamfanya mtu atamani kurudi kitandani na viatu vyake. Kabla dereva hajashusha kioo, Coleta alikuwa ameshamaliza maswali matano: unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini, huyu ni nani, na kwa nini unahema? Madereva wakambandika jina la Cherehani, kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika. Naye alilipenda jina hilo, msidhani alikasirika.

Sasa mtu kama huyo ukimhamishia Dawati la Jinsia na Watoto, kule kituoni wanakopokelewa waliofanyiwa ukatili, unategemea nini? Wakubwa walitaka askari wa kike, basi, wakamchukua yeye. Alipelekwa mafunzo ya wiki mbili, akarudi na daftari limejaa: mwathirika apate matibabu kwanza, maelezo yafuate, mwache aanzie anapotaka, usimkatishe, usimfanye ajione mshtakiwa. Yote aliyaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Kuandika hakukumshinda.

Wiki yake ya kwanza alikuja Bertilla, mama wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa mahindi na ulezi kutoka kijiji cha jirani. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwenye mashine ya kusaga kijijini kwao amembaka. Mwenye mashine huyo ni mtu mzito, kanisani hukaa benchi la mbele. Coleta hakupoteza muda. Alimjazia PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, akavua kofia, akamsindikiza hospitali na kumngoja mpaka akatoka. Mpaka hapo alama mia.

Waliporudi wakaingia chumba kidogo chenye pazia, maelezo yaandikwe. Bertilla akafungua mdomo, akasema sentensi mbili, na Cherehani akaanza kushona.

"Saa ngapi? Ulikuwa na nani? Na kwa nini ulienda mashineni jioni jioni hivyo?"

 Bertilla akajifunga kitenge chake vizuri, akasimama.

"Basi, afande. Naona kosa ni langu."

Akaondoka. Coleta alimkimbilia mpaka getini, akamwomba radhi, akamwambia mlango uko wazi siku yoyote atakayotaka. Mama wa watu alitikisa kichwa tu. Inspekta Beda, mkuu wa dawati, hakugombeza. Alisema, "Coleta, hapa hatukamati malori," akaendelea na kazi yake. Afadhali angegombeza. Siku tano Coleta hakula akashiba, kwa maana alijua hali ilivyo: bila maelezo ya Bertilla jalada lile lina karatasi mbili tu, na mwenye mashine anasaga kama kawaida.

Siku ya sita, saa ya chakula, Coleta alikuwa kwenye kile chumba chenye pazia akichambua maharage ya jioni. Aliyanunua sokoni kwa pupa, yana mawe kuliko barabara ya mlimani, na uchambuaji wenyewe hakuujua. Mlango ukagongwa. Bertilla!

"Sikai," alisema. "Nimetoka hospitali kuchukua dawa, nikasema nipitie. Nataka mnifutie jina langu humo mlimoliandika."

Kwa nini? Swali lilimfika Coleta kwenye meno. Akalimeza, na lilishuka kwa shida.

"Nimekusikia, mama. Uamuzi ni wako, hakuna wa kukulazimisha. Pumzika kwanza, umetoka mbali."

Bertilla akakaa ukingoni mwa kiti. Macho yakamwangukia kwenye ungo, na yakakataa kutoka.

"Afande, mbona mawe unayaacha? Utamvunja mtu meno."

"Ndivyo ninavyojua, mama."

"Hebu lete."

Akaupakata ungo. Vidole vikaanza kukimbia. Alianza na habari za maharage, akaja kwenye mahindi, akaja kwenye mkanda wa mashine uliokatika siku ile ikabidi foleni ingoje mpaka jua kuzama. Coleta alikuwa anaungua ndani. Mguu ulimcheza chini ya meza, maswali yalimjaa shavuni kama ugali wa moto, lakini mdomo ulibaki umefungwa. Na huo mkanda uliokatika, kumbe, ndio uliokuwa jibu la lile swali lake la kijinga. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Kisha Bertilla akafika mahali penyewe. Alisimulia akiwa ameinamia ungo, bila kumtazama mtu, mara mbili vidole vikasimama juu ya maharage, na Coleta hakuuliza kitu. Chozi lilimtoka askari. Hakulifuta, asije akamkatisha.

"Ndiyo hayo," Bertilla alisema mwishoni, akashusha pumzi. "Mdogo wangu, hata mama yangu sijamwambia."

"Nakuamini, dada. Ukiniruhusu, nitayaandika. Usiponiruhusu, tutakunywa chai."

"Chai kwanza."

Wakanywa chai. Kisha Coleta akaandika kurasa nne, akiuliza pale tu asipoelewa, na kama sheria inavyotaka akamsomea yote kwa sauti, taratibu. Ukurasa wa tatu Bertilla akanyoosha mkono.

"Rudi hapo. Umeandika 'nilishikwa na woga nikakosa la kusema'. Hayo ni yako. Mimi nilikuwa nalo la kusema. Nilimwambia hapana, mara tatu, na nikamtaja kwa jina lake la ubatizo. Andika hivyo."

Coleta akakata mstari, akaandika upya kama alivyoambiwa, akatia sahihi pembeni. Bertilla akaichukua karatasi, akaisoma sentensi ile mwenyewe, kidole kikifuata neno baada ya neno. Akasaini. Kisha akauliza gari la kwenda kumchukua huyo mtu linaondoka saa ngapi.