Nusu ya Maziwa

Mjukuu wangu alipotimiza wiki tano, nilichana karatasi ya miraba kutoka daftari la hesabu, nikakaa mezani na kuandika gharama zake za mwezi. Mimi ni mwalimu. Nilisomea kazi hii chuoni Bukavu kabla ya kukimbilia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na maisha yangu yote nimeamini kwamba jambo likishapangwa katika safu zilizonyooka, limetiwa adabu. Karatasi ile nusura initoe mtoto mikononi. Sikuandikiwa na mtu. Niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na chini ya jumla nikapiga mistari miwili kwa rula.

Binti yangu, mama wa mtoto, alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi mjini Mbarara. Chuo kilikuwa kimemvumilia muhula mmoja. Wa pili usingewezekana: asiporipoti siku ya kufungua, nafasi yake ingepewa mwingine. Mpango wetu ulikuwa yeye arudi darasani, mtoto abaki nami kambini. Nilianza na maziwa ya kopo, makopo manne, shilingi laki moja na elfu ishirini na nane. Sabuni, elfu kumi na mbili. Makaa ya kuchemshia maji na chupa, elfu ishirini na tano. Mwanamke wa kukaa na mtoto wakati nafundisha, elfu sitini. Nauli ya binti yangu kuja kunyonyesha mara mbili kwa mwezi, elfu sitini nyingine. Dawa, elfu kumi na tano, nikiomba zisihitajike. Jumla ilikuwa laki tatu kamili. Mshahara wangu ni laki mbili na elfu themanini. Mtu wa kilo nne alikuwa na matumizi yanayozidi kipato cha mwanamke mwenye diploma na miaka ishirini ya chaki.

Niliitazama ile laki tatu kwa hasira, kisha hasira ikapata pa kwenda. Mtoto alikuwa na baba. Baba huyo, kijana wa watu wetu wa Kivu ya Kusini, alichunga ng'ombe wa familia yake katika malisho waliyokodi Masha. Alikuja kwetu mara moja, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema mtoto ana masikio ya kwao, akaondoka. Mama yake alikuwa na deri Mbarara, duka la maziwa lenye tangi la chuma linalong'aa. Niliamua kwamba mwenye tangi alipe nusu. Nikanakili karatasi mara mbili, moja yake na moja yangu, nikaenda.

Alikuwa nyuma ya meza, anampimia maziwa shemasi wa kanisa lao, mzee mtaratibu aliyekuja na birika lake. Nilisalimu. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kipimo.

"Nimekuja, mkwe wangu, tuzungumze habari za mtoto."

"Usiniite mukwe," alisema. "Ng'ombe gani ilishafika kwenu? Mutu anakuwa mukwe kisha ng'ombe kufika."

Nilimpa karatasi. Alifuta mikono kwa aproni yake, akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akamgeukia shemasi.

"Mutumishi, ona. Mwalimu ameniletea fakitire. Mutoto wangu alinunua kitu kwake."

"Si fakitire, sijaleta ankara," nilisema. "Ni gharama. Naomba nusu."

"Makaa, elfu makumi mbili na tano. Munamuogesha ao munamuchoma?" Kidole kilishuka. "Nauli, elfu makumi sita. Huyu mutoto ni depite wa bunge? Anasafiri sana."

Shemasi alicheka ndani ya birika. Masikio yangu yaliwaka, lakini nilikuwa nimejiapiza nisitoke pale bila pesa. Nilieleza habari za chuo, siku ya kufungua, nafasi inayoweza kupotea. Alinisikiliza kwa utulivu ambao sikuuelewa wakati ule. Kidole chake kilikuwa kimerudi juu kabisa ya karatasi na kutulia kwenye mstari wa kwanza.

"Nusu ya yote sitoi," alisema mwishowe. "Sabuni yenu, makaa yenu, hiyo iko kazi yenu. Miye ninatoa maziwa. Yote. Elfu mia moja na makumi mbili na munane."

Kichwani nilipiga hesabu upesi: nusu ni laki moja na hamsini, kwa hiyo bahili huyu ananidhulumu elfu ishirini na mbili. Nikaona pia kwamba nikibishana naweza kukosa yote. Nikakubali kwa uso wa mtu aliyeonewa.

"Lakini uniandikie," alisema. "Weye ndiye mwenye kusoma. Andika: nimepokea franga za maziwa ya mutoto, kutoka kwa nyanya yake."

Niliandika kwenye karatasi zote mbili. Nilitia sahihi. Yeye alitia yake, na shemasi, kwa kuwa alikuwapo, aliombwa atie ya tatu. Nikahesabu noti zangu na kutoka kifua mbele, nikanunua makopo manne katika duka moja la Kabingo njiani kurudi.

Kaka yangu mkubwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ujana wake aliupitisha milimani akichungia watu ng'ombe kwa ujira, huku mimi nikiwa bweni la misheni nikikariri mito ya Ulaya. Nilimwonyesha karatasi jioni ile ili anisifu. Aliisoma mara moja tu.

"Mudogo wangu," alisema, "umesoma mpaka ukapita mbali. Kwa nini uliomba maziwa?"

"Ndiyo ghali kuliko vyote."

"Ungeomba sabuni! Makaa, ungeomba. Hata kitanda ungeomba, haina neno. Maziwa!" Alipiga karatasi kwa kiganja. "Kwa wenye ng'ombe, mutoto ambaye mahari yake haijatoka ni wa kwenu. Lakini nyumba ya baba ikimupa maziwa, na ninyi mukapokea mbele ya shahidi, imekwisha kumushika mukono. Kisha utasema nini mbele ya wazee? Hata wazee wa kanisa wanahukumu vile. Nilishaona."

Nilimjibu kwamba tuko Uganda, kwamba kuna sheria, kwamba maziwa ya kopo hayakutoka kwa ng'ombe wa mtu yeyote ninayemjua. Nilisema mengi, yote ya kitabu. Aliniacha nimalize, kisha akauliza ni kitu gani hasa yule mwanamke alinitaka niandike, neno kwa neno. Nilipofika kwenye "nyanya yake" sauti yangu ilipungua yenyewe.

Alhamisi iliyofuata, siku nne kabla ya chuo kufungua, walikuja. Yeye na wanawake wawili wa kanisa lao, wamejifunga vikwembe vya namna moja, mmoja amebeba kopo la bati la lita tano lenye maziwa na kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Niliwapa viti. Sikuwapa kingine. Mwenye deri alimpokea mtoto kutoka mikononi mwa binti yangu kama mtu anayepokea chenji, akamkagua masikio, akamrudisha.

"Sisi hatukuje kukaa," alisema. "Tulikuja kusema. Mama yake anaenda masomo siku ya kwanza. Vizuri. Siku ileile tutakuja kumuchukua mutoto. Mutoto wa maziwa yetu hawezi kubakia kwa mulezi wa kulipwa."

"Mtoto ni wa nyumba hii," nilisema.

"Nani aliandika?" Alitoa karatasi kwenye kikwembe. Alikuwa ameifunga kwa nailoni ili isilowe. "Ni mukono wangu huu? Miye sijui kupiga mistari mizuri hivi."

Mmoja wa wenzake aliinama kuitazama. "Kweli, iko mizuri," alisema, na wote watatu wakacheka kwa adabu, viganja mdomoni, kama wanavyocheka wanawake wa kanisa.

Walipoondoka na kopo lao, maana sikuligusa, binti yangu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Hakupandisha sauti. "Maman, uliniandikia mutoto wangu kwenye fakitire?" Kisha akasema kwamba haendi chuoni. Alisema atabaki amkalie mtoto mlangoni, na diploma yake niiandike mimi, kwa kuwa najua kuandika. Ningependa kusema kwamba nilimkemea. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaosha chupa zilizokwisha oshwa.

Kaka yangu ndiye aliyenieleza njia iliyobaki. Pesa zirudi, zote, bila kupungua hata shilingi, mbele ya shahidi yuleyule, kabla hawajaja kumchukua mtoto. Zikisharudi, hawana neno tena.

Asubuhi ya Ijumaa niliomba ruhusa shuleni, nikayabeba makopo matatu ambayo hayajafunguliwa hadi Kabingo. Mwenye duka, Mganda kijana mwenye kikokotoo shingoni, hakutaka hata kuyashika.

"Mama nyabo, hapana. Kitu ikitoka kwa duka, imetoka."

"Hayajafunguliwa. Tazama mwenyewe."

"Kwani mtoto imekufa?"

"Hajafa!"

"Sasa maziwa unarudisha ya nini?" Aliwageukia wateja wake. "Mtoto iko mzima, mama anarudisha maziwa. Hii dunia!"

Aliyachukua mwishowe kwa elfu ishirini na tano kila moja, badala ya thelathini na mbili, akihesabu noti taratibu ili nipate muda wa kuona aibu. Kaka yangu alinipa elfu ishirini pamoja na mahubiri. Kilichobaki nilikipata kwa kuuza kitenge nilichokuwa nimeweka kwa ajili ya mahafali ya binti yangu, pisi nzima isiyokatwa, rangi ya samli na buluu. Aliyekinunua ni jirani ambaye kwa miaka miwili alikuwa akikitamani, na hakujisumbua kuficha furaha yake.

Jumamosi nilikuwa Mbarara kabla deri haijafunguliwa. Nilimngoja kwanza shemasi barabarani, nikamwomba aingie pamoja nami. Hakutaka; nikamkumbusha kwamba sahihi yake imo. Tuliingia.

Niliweka pesa mezani, laki moja na elfu ishirini na nane, nikadai karatasi yake. Mwenye deri alihesabu mara mbili. Alitafuta upungufu kwa bidii, akakosa. Kisha akaegemea tangi lake, akatabasamu.

"Franga zimetimia. Lakini kuna kopo moja mutoto alikunywa. Iko kwa tumbo yake. Ile utairudisha namna gani?"

Shemasi aliacha kucheza na kifuniko cha birika. Nilielewa kutokana na uso wake kwamba swali lile halikuwa la mzaha, kwamba lilikuwa ndilo swali lenyewe, na kwamba kaka yangu hakuwa amelifikiria.

"Aliyatapika," nilisema.

"Yote?"

"Yote. Tangu siku ya kwanza. Maziwa yako, Mama, tumbo lake liliyakataa. Muulize mama yake, anasomea uuguzi. Kopo zima liliishia kwenye kitambaa changu."

Haikuwa kweli. Mtoto alikuwa amekunywa kopo lile kwa pupa na kunenepa shingo. Mimi binti wa mchungaji wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, nilisema uongo ule bila kupepesa macho, mbele ya mtumishi wa Mungu, na sijautubu.

Mwenye deri aliliacha tangi, akaegemea meza kunitazama vizuri. Alijua. Nadhani kwa mara ya kwanza aliniona kuwa mtu wa kiwango chake. Lakini shemasi alikuwa amekwisha kushusha pumzi.

"Kama alitapika, hakukunywa," alisema. "Mama, mupatie karatasi yake."

Alinipa. Niliichana palepale, yake na yangu, vipande vidogo, nikaviweka mezani kwake avifagie mwenyewe.

Jumatatu binti yangu alikwenda chuoni. Alikubali saa ya mwisho, na hakunishukuru. Nilikuwa nimeandika karatasi nyingine, na mara hii matumizi yangu mwenyewe yalikuwamo. Mlezi nilimfuta, mtoto nilimbeba mgongoni nikifundisha, na mkuu wa shule aliponiita ofisini kulalamika, mtoto alilia mpaka malalamiko yakaisha. Safari mbili za nauli zikawa moja. Sukari yangu, nywele zangu, vocha zangu za simu, vyote vilikwenda kwenye makopo. Jumla ikatoshea mshahara, kama kiatu cha mtu mwingine kinavyotoshea mguu ukikilazimisha. Binti yangu alipokuja mara moja kwa mwezi alimkuta mtoto ana afya, na mimi nimekonda. Alitaja la mtoto tu.

Sasa mtoto ana mwaka na miezi mitatu, na anaruhusiwa maziwa ya ng'ombe. Kila ninapokwenda Mbarara kumwona binti yangu, napita katika deri ileile na mtoto mgongoni. Maduka mengine yapo. Nanunua nusu lita, nalipa kwanza, na nasubiri risiti hata kama foleni nyuma yangu inanung'unika. Zote nimezitunza. Mwenye deri hanisalimu, nami simsalimu, lakini macho yake hayatoki kwenye yale masikio, na mkono wake, akipima, hauachi kuteleza. Akijaza kupita alama, namwambia apunguze.